Maonyo Ishirini na Manne

Lo Pi-hsia alisoma prufu za vitabu vya shule, akiwinda makosa kabla hayajachapwa, kwa miaka kumi na tisa, katika kiwanda cha uchapaji mjini Keelung, na kazi ilipokwisha jicho lake halikustaafu. Hata orodha ya vyakula ukutani mwa mgahawa alikuwa akiisahihisha kimoyomoyo kabla hajaamua ale nini. Mumewe, Chien Wen-tsung, fundi umeme wa kreni za bandarini, alizoea kumtania: "Wewe ukifika peponi, kabla hujaingia utauliza nani kahariri kibao cha mlangoni."

Kazi aliiacha mwaka ule mama mkwe wake alipopooza upande mmoja. Aliomba likizo ya miezi mitatu, ikawa miaka mitano. Mwanzoni walikuwa wawili wa kupokezana. Ili aweze kumwona mama yake hata akiwa juu ya kreni, Wen-tsung alitafuta kompyuta kuukuu, akaifumua, akaiunda upya ndani ya kisanduku kisichozidi kopo la biskuti, akakiweka juu ya kabati la viatu mlangoni. Hiyo ndiyo ikawa seva ya nyumba. Kamera ndogo iliyoning'inia juu ya kitanda cha mama ilipeleka picha kwenye seva, na seva ikazigawa kwa simu tatu: ya Wen-tsung, ya Pi-hsia, na ya Wen-hui, dada yake Wen-tsung aliyeolewa Hsinchu.

Miaka miwili baadaye Wen-tsung alianguka kwenye ngazi za kreni, moyo umesimama. Pi-hsia akabaki ghorofa ya nne, jengo halina lifti, vidato sitini na vinane kutoka mlangoni kwake mpaka chini, na mama mkwe asiyeweza kushuka hata kimoja.

Kwa siku alitoka mara moja. Saa kumi jioni gari la taka lilifika kwenye kona likipiga muziki wake, watu wakashuka kila mmoja na mfuko wake, naye Pi-hsia akashuka mbio, simu kiganjani, jicho moja kwa mama na jingine kwenye ngazi. Simu yake ilitegemea mtandao wa nyumbani tu, nao ulifika mpaka pale konani. Ukivuka barabara, picha inaganda. Kwa hiyo hakuvuka. Alitupa mfuko, akasalimiana na Bibi Lien muuza supu ya tambi, akapanda tena. Dakika tisa. Hayo ndiyo yaliyokuwa matembezi yake.

Hata ndani hakuwa peke yake. Wifi yake alikuwa na jicho mle chumbani, na hakuliacha lilale.

"Wifi, mbona Mama ameelekea ukutani?"

"Amegeuka mwenyewe, Wen-hui."

"Mtu aliyepooza anageukaje mwenyewe? Na huo mto umeteleza. Nakuona hapo umekaa tu."

Pi-hsia akaacha kukaa tu. Kiti cha pembeni mwa kitanda akakiacha kitupu. Chakula akawa anakilia jikoni, amesimama mbele ya jiko, mahali ambapo kamera haikufika. Mara mbili tatu, machozi yalipomjia akiwa anamgeuza mama, alijifanya anapenga kamasi.

Mwezi wa kumi kimbunga kilipita baharini, mvua ikapiga siku mbili bila kupumua, na asubuhi ya siku ya tatu umeme ukakatika. Ulirudi saa nne. Jokofu likaguna, taa ikawaka, lakini simuni mwa Pi-hsia mahali pa mama palikuwa na weusi mtupu. Kisanduku juu ya kabati la viatu kilikuwa kimezimika. Alitoa skrini ya zamani ya Wen-tsung kutoka mvunguni, akaiunganisha kama alivyokuwa akimwona mumewe akifanya, akabonyeza kitufe.

Maandishi yakaanza kupanda. Meupe kwanza, mbio mbio, yale ambayo mashine husema yenyewe kwa yenyewe inapoamka. Kisha mstari wa njano. Onyo. Wa njano tena. Halafu mwekundu: imeshindikana. Mwekundu mwingine. Pi-hsia, aliyekuwa hawezi kulala na koma iliyokaa vibaya, alisimama pale mlangoni na viatu vya marehemu mumewe miguuni pake, akahesabu. Maonyo ishirini na manne.

Baada ya dakika kumi picha ilirudi simuni. Mama huyo kitandani, mdomo wazi, blanketi limepanda kifuani. Mtu mwingine angeshukuru na kwenda zake. Pi-hsia aliizima mashine, akaiwasha tena. Ishirini na manne. Akakipangusa kisanduku vumbi, akaomba dua ya kimyakimya, akawasha mara ya tatu. Ishirini na manne. Kitabu chenye makosa ishirini na manne, alifikiri, hakiendi mitamboni, na mimi nakikabidhi kitabu hiki mgonjwa wangu.

Tangu siku hiyo hakushuka. Gari la taka lilikuja na muziki wake, likaondoka nao. Mifuko ikapangana kwenye kibaraza cha nyuma, ikafunikwa na ndoo, ndoo ikafunikwa na gazeti. Alikuwa akisimama dirishani na mfuko mkononi, simu mkono mwingine, akiiangalia picha isicheze, akijiambia: nikifika ghorofa ya pili ikizima, je? Akakaa siku ya tano, ya nane, ya kumi na moja. Vitu vya sokoni alimwomba Bibi Lien ampandishie.

"Pi-hsia, taka zako zimenisalimu kabla yako," alisema Bibi Lien siku hiyo, akihema mlangoni na kifurushi cha viazi vitamu. "Una nini? Umegombana na ngazi?"

"Mashine imeharibika, Bibi."

"Si naiona inawaka?"

"Inawaka. Lakini ina makosa."

"Mimi nina makosa tangu nizaliwe na supu inauzika," akasema mama wa watu, akashuka.

Wen-hui alipopiga, Pi-hsia alifanya kosa la kumwambia. 

"Mashine ya kaka yangu umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu. Umeme ulikatika."

"Usiiguse. Kaka alikiacha hicho kitu kimoja tu cha mikono yake. Kikiharibika mikononi mwako, wifi yangu, hatutaelewana." Halafu akaongeza, kama kawaida yake, "Na mchane Mama nywele. Naona zimesimama."

Pi-hsia alitazama kitandani. Kweli zilikuwa zimesimama. Alichukua kitana.

Chini ya kisanduku Wen-tsung alikuwa amebandika karatasi yenye anwani ya jukwaa moja la mtandaoni, la watu wanaojiundia seva majumbani, na neno lake la siri. Asubuhi moja, mama amekwisha kula uji wake wa viazi vitamu, Pi-hsia aliingia humo kwa jina la mumewe, kwa kuwa lake hakuwa nalo. Alinakili maonyo yote ishirini na manne, herufi kwa herufi, hakuna nukta iliyopotea, akaandika chini: "Naomba kujua lipi nianze nalo."

Jibu lilikuja kabla maji ya chai hayajachemka. "Nani anaandika kwa jina la marehemu? Huyu mtu tulimlilia hapa miaka mitatu iliyopita. Kama ni utani, ni utani wa mtu asiye na wazazi."

"Ni mkewe," aliandika. "Nisameheni. Sikujua njia nyingine."

Kisha ikaja namba ya simu, na neno moja: "Piga."

Aliyepokea alikuwa Shih Tien-fu, mwalimu mstaafu wa ufundi chuma kule Pingtung, mwisho wa kusini. Hakuwahi kuonana na Wen-tsung ana kwa ana, ila walikuwa wamebishana kwenye jukwaa lile kwa miaka sita, na huko ndiko kupendana kwao. Nyuma ya sauti yake jogoo alikuwa akiwika bila mpango.

"Shemeji, kwanza unisamehe kwa maneno yangu," alisema. "Nilipoliona jina lake limewaka, nywele zilinisimama. Nikasema, huyu bwana hata huko aliko bado anatafuta diski za bei rahisi."

Pi-hsia alicheka, na kicheko kilimshangaza mwenyewe.

"Sasa. Mashine inafanya kazi?"

"Inafanya, Mwalimu. Lakini ina makosa ishirini na manne."

"Sikuuliza makosa. Nimeuliza inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi nisomee la kwanza, taratibu."

Alimsomea. Faili la kifaa cha kuunganisha simu bila waya halikupatikana. Shemeji, una kifaa hicho? Sina. Wen-tsung alikitumia? Hapana. "Basi. Ubao mkuu wa mashine aliuokota kwenye kompyuta ya ofisi, na kidude hicho kimo ndani yake tangu kiwandani. Mashine inaamka, inakikuta, inakitafutia maelekezo, haiyaoni, inasema sijayaona, inaendelea na safari. Haijaugua. Inatoa taarifa tu. La pili."

La pili lilikuwa kosa katika jedwali la mtengenezaji. Hapo Mwalimu Shih aliguna. "Hilo ndilo litakuchekesha, maana Wen-tsung alituambia ulikuwa msomaji prufu. Waliotengeneza ule ubao waliandika orodha ya vitu vyake ovyo ovyo, kipengele kimoja wamekitaja mara mbili. Mfumo unapoisoma unaliona kosa, unalisema, unaliruka."

"Na hawakulisahihisha?"

"Wamekwisha kutengeneza mbao nyingine mia tangu hapo, nazo wamekosea kwingine."

Walikwenda hivyo, mstari kwa mstari. Mashine ilitafuta printa, haikuiona. Ilitafuta kibodi. Ililalamika kwamba saa yake iko nyuma, kwa sababu kibetri chake cha ndani kilikufa, kisha ikauliza saa mtandaoni ikajirekebisha. Mstari mmoja mwekundu ulisema ghala la picha limeshindwa kufunguka. Pi-hsia aliusoma kwa sauti ya mtu anayetaja jina la ugonjwa.

"Shuka mistari kumi na tano chini," alisema Mwalimu. "Kuna nini?"

"Ghala la picha... limefunguka."

"Lilibisha hodi mwenye nyumba hajaamka. Mtandao ulichelewa kuamka, ghala likashindwa, likajaribu tena, likapata. Ule mwekundu wa kwanza haufutwi, ndiyo desturi yake. Mashine haina aibu, shemeji. Kila inapojikwaa inaandika."

"Na nitajuaje lililo baya kweli?"

Jogoo aliwika. Mwalimu Shih alingoja amalize. "Diski ikikwambia haiwezi kusoma mahali, usinywe hata chai, nipigie. Joto likipanda, nipigie. Kitu kilichokuwa kikifanya kazi jana leo hakifanyi, na mstari upo, hilo lina uzito. Lakini haya mengine usiniamini mimi. Muulize mwenyewe aliyeunda. Mashine hutunza kumbukumbu ya kila siku iliyowashwa. Nitakupa maneno ya kuandika, ufungue ya zamani uilinganishe na ya leo. Wewe si ndiyo kazi yako, kulinganisha kurasa mbili?"

Ilikuwa kazi yake hasa. Alivaa miwani. Alichomeka kibodi kuukuu ya Wen-tsung, akaandika alichotajiwa, na kumbukumbu ya kale kuliko zote ikafunguka: Jumapili moja, miaka mitano nyuma. Aliikumbuka Jumapili ile. Wen-tsung alikuwa ameketi sakafuni, kibakuli cha karanga za kuchemsha gotini, akipiga mluzi, na kila dakika akiita, "Pi-hsia, njoo uone, inapumua." Alishusha kidole kwenye skrini. Kifaa cha kuunganisha simu: hakikupatikana. Jedwali la mtengenezaji: kosa. Printa. Kibodi. Ghala limeshindwa, ghala limefunguka. Yote yalikuwepo. Saa tu ndiyo ilikuwa ingali nzima. Mtu yule alikuwa akipiga mluzi mbele ya mistari ile ile iliyomfungia yeye ndani siku kumi na nne.

Alishusha kidole tena, kutoka juu mpaka chini. Simuni alisikika jogoo, na mtu akiita kuku.

"Ni yale yale," alisema mwishowe. "Isipokuwa la saa. Na la mwisho. La ishirini na nne halimo."

"Lisome."

"Cheti cha njia ya nje kimekwisha muda, tarehe tisa mwezi wa tatu."

"Ah, hilo. Hilo kwako halina madhara. Mtu akitaka kuitazama kamera kutoka nje ya nyumba, simu yake inadai cheti kwanza. Kikiisha muda, inagoma kuingia. Wewe uko ndani, mlango huo hukuhusu. Kukifanya upya ni dakika mbili. Nikuelekeze?"

Pi-hsia alikuwa ameshika ukingo wa kabati la viatu. "Mwalimu. Tangu mwezi wa tatu hakuna mtu wa nje aliyeona ndani ya nyumba hii?"

"Hakuna. Unaweza kuangalia waliojaribu."

Akaangalia. Simu moja ya Hsinchu: kabla ya mwezi wa tatu ilikuwa ikifungua kamera kila siku, mara nne, mara sita. Tarehe kumi ilijaribu mara kumi na moja, ikakataliwa. Kesho yake mara tano. Wiki iliyofuata mara mbili. Mwezi wa nne mara moja. Baada ya hapo, hakuna. Na sasa ulikuwa mwezi wa kumi. Naona nywele zimesimama. Naona soksi hajavaa. Nakuona hapo umekaa tu.

"Shemeji, upo?"

"Nipo. Hicho cheti tukiache kwanza."

Mwalimu Shih alikuwa mtu mzima. "Kitangoja," alisema, "nacho hakili chakula."

Pi-hsia aliingia chumbani kwa mama. Alikivuta kile kiti, akaketi chini ya kamera, akalia kwa sauti, bila kujifunika uso. Alilia mpaka mama mkwe akageuza shingo.

"Wen-tsung amerudi kazini?"

"Bado, Mama."

"Mwambie asichelewe. Chakula kitapoa."

Jioni ile alishuka na mifuko saba kwa safari mbili, akaogopa njia nzima. Picha haikuzimika. Kesho yake akashuka tena. Lakini hakuvuka barabara. Si mashine iliyomzuia tena, maana mama alikuwa bado kitandani na ngazi zilikuwa bado sitini na nane. Alichopata ni kukaa kwenye kiti na kula bakuli lake pembeni mwa mgonjwa. Mtu aliyefungwa chumba kimoja akipewa na cha pili, anajua bado amefungwa.

Wen-hui alipiga Alhamisi.

"Wifi, mbona leo umemvalisha Mama vile?"

"Vipi?"

"Hiyo sweta. Si ya baridi hii."

"Amevaa sweta gani, Wen-hui?"

"Si hiyo hiyo ya... ya buluu."

Mama alikuwa amevaa ya kahawia, ya Wen-tsung, mikono imekunjwa mara mbili. Pi-hsia alikuwa ameyapanga maneno siku tatu, makali, yamesahihishwa, hayana kosa. Alipofungua kinywa yalitoka mengine.

"Njia ya nje imefungika tangu mwezi wa tatu. Nimeona kwenye mashine. Huoni kitu, Wen-hui."

Pi-hsia alimvutia mama blanketi.

"Ulinifungia," alisema Wen-hui, sauti imekuwa ndogo. "Nilijaribu siku nzima. Nikajua umechoka na mdomo wangu, umenifungia mlango wa mama yangu. Ningeuliza ungesema ndiyo, na mimi ningefanya nini? Nikaona bora nijifanye naona, usije ukajua kwamba najua umenifungia."

"Sikukufungia. Sikujua hata kuna mlango. Ni cheti kimeisha muda."

"Cheti tu?"

"Cheti tu."

Wen-hui alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. "Miezi saba nimekuwa nikibahatisha soksi."

"Uliziotea vizuri. Njoo umwone kwa macho, wifi yangu. Ni treni moja."

"Hatanijua."

"Hatakujua," alikiri Pi-hsia. "Mimi ananiita nesi."

Alikuja Jumamosi, mwavuli unachuruzika, kopo la biskuti za mananasi kwapani, amezeeka kuliko sauti yake. Mama alimtazama muda mrefu, akamuuliza kama ametumwa na hospitali. Wen-hui akasema ndiyo, amekuja kupima presha. Akaushika ule mkono uliopooza akawa kama anayehesabu mapigo, na hakuuachia. Kisha bila kugeuka akamwambia Pi-hsia, "Nenda. Mpaka saa kumi. Nenda tu, kabla sijaanza kulia."

Pi-hsia alishuka ngazi zote, akapita kona, akavuka barabara. Simuni picha ikaganda, akaizima. Alitembea mpaka bandarini, akazitazama kreni kidogo, akaona zinamuumiza, akaingia sokoni. Alikuwa na masaa manne, na hakujua watu huyafanyia nini. Alinunua keki ya samaki ya kukaanga, akaila amesimama kwa mazoea, ingawa viti vilikuwepo. Saa nane na nusu alikuwa amekwisha kurudi, viatu vimelowa, anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

"Mbona mapema?" aliuliza Wen-hui.

"Sikupata pa kwenda."

"Basi wiki mbili zijazo utafute."

Na Wen-hui alikuja wiki mbili baadaye, na mara nyingi baada ya hapo, si zote. Alikuwa bado na mdomo. Mto bado uliteleza machoni pake. Cheti walikifanya upya wawili pamoja, Mwalimu Shih akiwaelekeza simuni na jogoo wake akiingilia, kwa sharti alilolitoa Pi-hsia: kabla ya kuitazama kamera kutoka nje, mtazamaji apige simu kwanza kusalimia.

Mama aliishi miaka mingine miwili. Kwa miaka hiyo Pi-hsia hakulala nje ya nyumba ile hata siku moja. Ila asubuhi, mgonjwa akishashiba, alikuwa akiketi kwenye kile kiti na kompyuta mapajani, akiwajibu wageni wa lile jukwaa waliokuja na mistari yao, roho mkononi, wengine wanaandika kwa herufi kubwa tupu. Hakuwaambia wasiogope. Aliwauliza kwanza kama mashine inafanya kazi, halafu akawataka wamletee kumbukumbu ya zamani na ya leo, akaziweka pamoja, akavaa miwani.